Vijana 30 wa Katuba: msiwapeleke Kasapa

Papa, umeuliza kama ni vizuri kuwakusanya vijana 30 wanaoshinda kwenye kona ya avenyu yenu, Katuba, Lubumbashi, muwapeleke gereza la Kasapa la mjini humo waone wafungwa na waogope. Hapana. Marekani njia hiyo ilipimwa mara kadhaa: waliotishwa kwa jela walirudia makosa zaidi kuliko walioachwa tu nyumbani.

Wala msiwaweke wote pamoja. Wakorofi watupu hufundishana, na mkubwa wao anapata watazamaji. Changanya wawili au watatu na wenzao sita wanaosoma au wenye kazi, chini ya mtu mzima wanayemheshimu wao, si unayemheshimu wewe. Mara nyingi ni fundi pikipiki au kocha wa mpira.

Ukiwapeleka kwa fundi wajifunze kazi, hapo ndipo matatizo hutokea. Kijana anashika mashine ya kuchomelea tangu asubuhi na njaa tumboni. Wiki ya pili yuko konani tena. Kwa hiyo patana na fundi kabla ya siku ya kwanza: sahani ya bukari (ugali) mchana, nauli, miwani ya kuchomelea, na nani analipa kifaa kikiharibika. Muandike, mzazi na chefu wa kartie (mkuu wa mtaa) watie sahihi. Wasizidi wawili kwa fundi mmoja, la sivyo wanageuka watu wa kuchota maji.

Mazoezi ya mpira yawe jioni, saa wanazokaa bure.

Akikamatwa wa chini ya miaka 18, mzazi afike siku hiyohiyo na cheti cha kuzaliwa: kwa sheria ya Kongo ya 2009 ya kulinda watoto, kesi yake ni ya mahakama ya watoto.