Kwa vijana wanaoanza kazi ya mikataba ya viwanja vya ndege

Nimezipitia rasimu mpya za vijana wetu, na zote zinaanza na mchoro wa jengo. Wanangu, jengo ndiyo sehemu rahisi ya mradi.

1. Tofautisheni anayekopesha, anayejenga na anayeendesha. Jengo la Abiria Namba 3 pale Kisauni, uwanja wa ndege wa Zanzibar, lilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa Benki ya Exim ya nchi hiyo, kisha uendeshaji ukakabidhiwa kampuni nyingine, ikiwemo dnata ya Dubai. Mkiyaita yote hayo “uwekezaji binafsi”, hamtaweza kueleza deni ni la nani, wala abiria wakipungua, kama walivyopungua mwaka 2020 kwa Uviko-19, hasara inamwangukia nani.

2. Msipime ukubwa wa ukumbi kwa kugawa abiria wa mwaka kwa siku na saa. Nimekaa meza moja na waliofanya hivyo, na hadi leo naumia nikikumbuka. Jadweli lilionesha ukumbi unatosha na kubaki, wakopeshaji wakalipokea, ada za abiria zikapangwa juu yake. Kisha ofisa mmoja wa uhamiaji, mtu mzima aliyezoea misimu yetu, akauliza kwa upole: “Ndege tatu za watalii zikishuka pamoja mwezi wa Agosti, watu hawa mtawaweka wapi?” Hakuna aliyejibu. Wastani ulikuwa umeimeza saa ya msongamano, nayo ndiyo inayoamua idadi ya madirisha ya uhamiaji, mashine za ukaguzi na mikanda ya mizigo. Ukumbi ukachorwa upya, gharama zikapanda, ada zikajadiliwa tena na watu waliokwishapoteza imani nasi, na miezi ya kazi ya vijana hodari kama nyinyi ikapotea kwa sababu ya hesabu moja ya kugawa.

3. Andikeni hali ambayo njia ya kurukia, taa na mitambo vitarudishwa nayo serikalini mkataba ukiisha.

4. Mwekezaji aliyekopa kwa dola atataka ada kwa dola, na kwa mtalii hilo halina taabu. Lakini yupo abiria anayepanda ndege Chake Chake, Pemba, kwenda kutibiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kipato chake ni cha shilingi. Ada yake ikifungwa na dola, shilingi ikishuka mwekezaji atakuwa amekingwa, huku mgonjwa ameachwa wazi. Kwa hiyo kifungu cha ada za safari za ndani kiandikeni peke yake, kwa shilingi, kabla rasimu haijafika mezani kwangu.