Kwa afisa ugani mpya: anza na sheria ndogo za kijiji

Umepangiwa kata, umekabidhiwa pikipiki, na ndani ya begi una mwongozo wa kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi uliotolewa na Wizara ya Kilimo mwaka 2017. Usome wote, una mambo ya maana. Ila kuna kitu utakikuta kijijini ambacho mbinu peke yake haikiwezi, na ningependa ukijue kabla msimu haujaanza.

Chukua kilimo hifadhi. Ukiwa Dodoma, Singida au Shinyanga utawaambia wakulima wasichome mabua, wayaache shambani yafunike udongo na kutunza unyevu. Watakuelewa siku hiyo hiyo. Kazi inakuja baada ya mavuno, kwa sababu sehemu nyingi shamba likishavunwa huwa ni malisho ya wote. Ng'ombe wanaingia, na baada ya muda mfupi hakuna bua lililosimama, udongo umekanyagwa hadi umekuwa mgumu kama sakafu. Mkulima aliyekusikiliza hana pa kushtaki, maana hakuna aliyevunja sheria yoyote. Ukimwandalia shamba darasa jingine hapo, yaani shamba la kujifunzia kwa vitendo, unampotezea muda.

Kinachotakiwa ni makubaliano ya kijiji yanayowekwa kuwa sheria ndogo: mabua yalishwe wakati gani, kwa ruhusa ya nani, faini iwe kiasi gani, na mifugo ipelekwe wapi badala yake. Hilo la mwisho lipe uzito kuliko yote. Mfugaji naye ana haki, na sheria isiyomwonyesha pa kulishia haitafika msimu wa pili.

Njia yake inajulikana. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuipitisha, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kaa na mtendaji wa kijiji mapema, na mwonyeshe mwanasheria wa halmashauri rasimu kabla ya mkutano, si baada. Hakikisha muhtasari una saini na karatasi ya mahudhurio imeambatishwa. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini faili linaweza kukaa mezani miezi mingi kwa kukosa karatasi moja.

Ukitaka kuona nguvu ya utaratibu wa namna hii, soma habari za HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Misitu ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya pamba na kuwafukuza mbung'o, na uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa ulikuwa umewatenga watu na ngitili zao, yale maeneo ambayo Wasukuma hutenga ili nyasi ziote na kulishwa kiangazi. Zilibaki hekta zipatazo 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miche na wataalamu walisaidia, lakini ngitili zilirudi kwa sababu wenyeji walikuwa na kanuni zao, mabaraza yao na sungusungu, walinzi wa jadi, wa kuzisimamia, na serikali ikakubali kufuata njia hiyo. Nasema hivi kwa moyo wote: kijijini kwako pia kuna kanuni. Ziulize kwanza.

Jambo la pili ni kujua nani anashika nini. Sera iko Wizara ya Kilimo, masuala ya tabianchi yanaratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais, mbegu zinafanyiwa utafiti na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuthibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, utabiri unatoka TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Wewe mwajiri wako ni halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na tulifurahi sana. Hata hivyo mafuta ya pikipiki yako na siku ya mkulima ya kata vinategemea kama viliandikwa kwenye mpango wa halmashauri.

Mbegu nazo zipangie mapema. Mtama wa aina kama Macia hukomaa haraka na hufaa mvua zikiwa chache, lakini ukiutaja wakati duka la karibu lina mahindi tu, umesema bure. Kikundi cha wakulima kinaweza kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile ambazo mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wake, zikikaguliwa. Kianzishe mwaka mmoja kabla ya kuzihitaji.

Kuhusu kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti linaanza Aprili, kwa hiyo ukisubiri Machi kuomba fedha za makinga maji, yale matuta ya kuzuia maji yasikimbie shambani, umechelewa. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili ukitoka, usome na wakulima wako, kisha nenda kwa afisa mipango na muhtasari wa mkutano wa kijiji mkononi. Diwani wako awe ameshapata nakala yake.