Mwenye masikio makubwa si mwizi wa vifaranga

SWALI: Mzee, shikamoo. Nauza mtama hapa Karenga. Kuna mnyama huja jioni nyuma ya zizi letu, kama bweha lakini mdogo, masikio makubwa ajabu. Juzi nimepoteza vifaranga watatu. Jirani anataka tumtegee nyama yenye sumu. Ni mnyama gani huyu? Tumuue?
Mama Muuza Mtama

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza mzuie jirani na sumu yake, maana watakaokufa ni mbwa wenu na tai.

Huyo ni mbweha masikio. Hapa Uganda makao yake ni huko kwenu Karamoja, kwenye tambarare kavu. Hapendi majani marefu. Anataka mahali ng'ombe wamekwisha kulisha, nyasi zikabaki fupi, kwa sababu chakula chake ni mchwa na wale mende wanaoviringisha mavi. Zizi lako ndilo linalomwita, si kuku.

Nilipokuwa dereva wa watalii katika hifadhi ya wanyama ya Kidepo, jioni moja nilizima injini karibu na mmoja. Alitembea hatua tatu, akasimama, akainamisha kichwa mpaka masikio yakakaribia kugusa udongo. Kimya. Ghafla akaanza kufukua kwa miguu ya mbele, na mara mdomo ukawa unatafuna upesi upesi. Alimsikia mdudu chini ya ardhi! Masikio hayo hufika sentimita 13, na mnyama mwenyewe ana kilo 3 hadi 5 tu. Mbwa wako ana meno 42. Huyu ana 46 hadi 50, ila ni madogo, ya kusaga wadudu, si ya kurarua nyama.

Mtazame vizuri jioni. Mbweha masikio ana manyoya ya kijivu, miguu myeusi kama amevaa soksi, na weusi kuzunguka macho. Ukiona miguu ya rangi ya kahawia na mgongo mweusi wenye mvi, huyo ni bweha mgongo mweusi, na kifaranga hamwachi. Nguchiro naye mchunguzeni. Vifaranga walale ndani, mlango ufungwe kabla ya giza.

Mkikuta shimo lenye watoto, msilifukie. Dume ndiye anayebaki kuwalinda usiku, jike akienda kutafuta mchwa ili apate maziwa.

Ila mkimwona anayeyumba au asiyeogopa watu, msimguse, mwiteni daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa humpata yeye pia, kwa hiyo mbwa wenu wachanjwe.