Nyumba tuliyoitaja kwenye 1031 imeungua Altadena na siku 45 zimepita, tumechelewa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Tuliuza nyumba yetu ya kupangisha hapa Dallas tarehe 2 Desemba 2024 kwa njia ya 1031 (ile ya kubadilisha nyumba ya biashara kwa nyingine bila kulipa kodi ya faida kwanza), hela zikaenda kwa QI, yule mtu wa kati anayezishika, na tarehe 28 Desemba tukataja nyumba moja tu ya kununua, iko Altadena, California. Moto wa tarehe 7 Januari ukaila yote, muuzaji ametutumia picha, imebaki dohani na ngazi za mbele. Siku ya 45, mwisho wa kutaja nyumba ya kununua, ilikuwa 16 Januari na hatukutaja nyingine, tulikuwa tumechanganyikiwa. Mtu wetu wa kodi anasema ule msamaha wa moto, wa kusogeza tarehe za kodi, ni wa watu wanaokaa Los Angeles, sisi wa Texas hatuhusiki, tujiandae kulipa. Ni kweli? Na mume wangu anauliza, ikishindikana, hizo hela tunaweza kununulia ploti Bagamoyo?

JIBU: Dada pole sana, wewe na shemeji. Na huyo muuzaji pia, maana Eaton Fire imeteketeza majengo zaidi ya 9,000 pale Altadena na jirani zake, sasa wewe una kesi ya kodi lakini mwenzio hana pa kulala.

Nianze na lililokunyima usingizi: hapana, hujachelewa. Mtu wako wa kodi kasoma nusu ya mambo. Ni kweli notisi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya moto wa Los Angeles, ile iliyosogeza tarehe hadi 15 Oktoba 2025, inazungumzia watu wenye makazi au biashara ndani ya Los Angeles County, na ukiisoma hiyo peke yake utaona kweli mtu wa Dallas hayumo. Ila kwa watu wa 1031 kuna mlango mwingine, uko kwenye mwongozo wa IRS unaoitwa Rev. Proc. 2018-58, kifungu cha 17, na huo mlango hauulizi unakaa wapi tu. Unauliza vitu viwili. Cha kwanza, nyumba ya zamani uliiuza siku ya janga au kabla yake? Wewe uliuza 2 Desemba, janga linahesabiwa 7 Januari, umepita (angeuza mtu tarehe 8 Januari kifungu hiki kisingemsaidia hata kidogo, hata kama nyumba aliyoitaja imeungua). Cha pili, janga limekukwamisha? Na sababu za kukwama zimetajwa wazi: nyumba unayouza au unayonunua iko eneo la janga, au ofisi ya QI au benki au kampuni ya titeli (hati ya umiliki) iko huko, au karatasi zimeungua, au mtu anayehusika na dili amefariki, ameumia au hajulikani alipo, au benki imegoma kutoa mkopo kwa sababu ya janga, au kwa sababu bima haipatikani tena, na hii ya bima naona itawashika wengi California mwaka huu wa 2025. Nyumba yako iko ndani ya eneo lenyewe na imeungua hadi chini, yaani huna haja ya kubishana na mtu.

Sasa hesabu. Kifungu kinasema dedlaini yoyote kati ya zile mbili (siku 45 za kutaja nyumba mpya na siku 180 za kuinunua) iliyoangukia siku ya janga au baada yake inasogezwa siku 120, au hadi tarehe ya mwisho ya notisi ya IRS, ile iliyo mbali zaidi. Siku yako ya 45 ilikuwa 16 Januari, ongeza 120 unafika 16 Mei, lakini notisi inasema 15 Oktoba, kwa hiyo unachukua 15 Oktoba 2025. Siku yako ya 180 ni 31 Mei, ongeza 120 unafika 28 Septemba, tena 15 Oktoba iko mbele, unachukua hiyo hiyo. Kwa maana hiyo kutaja nyumba mpya NA kuinunua vyote vina mwisho mmoja, usije ukakaa hadi Oktoba ndio uanze kutafuta, nyumba hainunuliwi kwa siku moja. Na hata kama siku ya 45 ingekuwa imeisha kabla ya moto, bado kuna nafasi pale ambapo nyumba uliyoitaja imeharibiwa vibaya na janga, hilo nalo limeandikwa humo humo.

Lakini dada sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo naona watu wanaumia na mimi roho inaniuma nikiona. Huo muda wote una kikomo: hauwezi kupita tarehe ya kufaili riteni yako (fomu ya kodi ya mwaka) ya mwaka uliouza. Uliuza 2024, riteni ya 2024 mwisho wake ni 15 Aprili 2025, na kwa sababu wewe unakaa Dallas hiyo tarehe yako haikusogezwa kama ya watu wa Los Angeles. Maana yake usipofanya kitu, 1031 yako inakufa 15 Aprili, achana na Oktoba. Dawa yake ni Fomu 4868, ni ukurasa mmoja tu, unaomba ekstensheni ya riteni hadi 15 Oktoba 2025, itume kabla ya 15 Aprili na ubaki na uthibitisho. Alafu usifaili riteni yenyewe mpaka nyumba mpya imeshaandikwa jina lenu, najua watu wanakimbilia Februari kwa ajili ya rifandi, mwaka huu vumilia. Na 4868 inaongeza muda wa kufaili sio muda wa kulipa, kama mnadaiwa kodi nyingine ya mishahara au biashara ilipwe Aprili kama kawaida.

Kuhusu nyumba yenyewe. Ile barua ya 28 Desemba ifuteni kwa maandishi, mtie sahihi nyote mlioko kwenye titeli, mumpelekee QI, ndio mtaje mpya. Na safari hii msitaje moja, sheria inaruhusu hadi tatu bila kujali bei. Kama muuzaji anawaambia chukueni kiwanja kwa bei ya chini, kiwanja ni ardhi kwa hiyo kinakubalika, ila kitajeni upya kama kiwanja, na mjue hela itakayobaki bila kununulia kitu itatozwa kodi.

Ni kodi kiasi gani tunayoongelea? Umenitumia karatasi, faida yenu ni kama dola 140,000 na humo 45,000 ni uchakavu mliokuwa mnakata kila mwaka. Huo uchakavu unaweza kutozwa hadi 25%, yaani 11,250, iliyobaki 95,000 kwa 15% ni 14,250, jumla 25,500, na hapo sijagusa ile kodi ya ziada ya 3.8% ya mapato ya uwekezaji kama kipato chenu kimekuwa kikubwa. Sio hela ya kuiacha iende kwa sababu mtu hakusoma kifungu.

Bagamoyo: mwambie shemeji hapana, kwa 1031 haiwezekani kabisa. Nyumba ya Marekani inabadilishwa na mali ya Marekani tu, mali ya nje haihesabiwi kuwa ya aina moja nayo. Naulizwa hili kila mwaka, Kitengela, Kigamboni, Entebbe, jibu ni hilo hilo. Na hela zikitoka kwa QI zikaingia akaunti yenu hata siku moja, 1031 imeisha.

Wiki hii fanya hivi: mwandikie QI barua kwamba mnatumia kifungu cha 17, sema nyumba iko wapi na imekuwaje, ambatanisha zile picha za muuzaji na notisi ya IRS, na muombe akujibu kwa maandishi kwamba anaendelea kushika hela hadi 15 Oktoba. Kuna ma-QI ambao wakiona siku 45 zimepita wanakazana na tarehe ya kwenye mkataba wao, akisita muoneshe kifungu, akiendelea kusita nitumie barua yake niione. Huyo mtu wako wa kodi naye mpe hiyo namba, 2018-58, na mkumbushe Fomu 8824, ile ya kuripoti 1031, wakati wa kufaili.