Kwa nini kompyuta ndiyo imchagulie mwanangu chanjo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miezi minane. Kliniki wameniomba aingie kwenye utafiti wa chanjo mpya ya malaria. Kompyuta ndiyo itaamua apate hiyo au nyingine, na hata wauguzi hawatajua kapata ipi. Mbona daktari asimchagulie? Na damu yake inakwenda wapi? Mama mkwe anasema ni mumiani. (Mama, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mama. Tuseme kuchagua nimeachiwa mimi. Nitawapa chanjo mpya wanaokaa karibu na hospitali, maana najua watarudi kwa dozi ya pili na ya tatu. Mwisho wa mwaka nikikuta wameugua malaria kidogo, nitajuaje kama ni chanjo, au ni kwa kuwa nyumba zao zina nyavu madirishani? Kura ya kompyuta huwachanganya watoto wote, wa bondeni na wa mjini, mpaka makundi mawili yafanane. Kinachobaki kuyatofautisha ni chanjo.

Kufichwa nako kuna sababu. Mzazi akijua mwanawe kapata, anaweza kulegea na chandarua; akijua hakupata, atamkimbiza hospitali kwa kila homa. Muuguzi naye ana moyo, akijua anaweza kupendelea. Ila mtoto akiugua vibaya na matibabu yakahitaji kujua, siri hufunguliwa mara moja.

Hapo hapo Bagamoyo, na Korogwe, Kilifi na kwingineko, jumla vituo 11 katika nchi saba za Afrika, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa hivyo kuanzia 2009, kwa watoto zaidi ya 15,000. Wa umri wa mwanao walioangukia kundi la pili walichanjwa kichaa cha mbwa, ili nao wapate kinga ya kitu. Wa umri huohuo waliopata dozi nne za RTS,S, malaria ilipungua kwa takriban 36% katika miaka minne. Tulitamani zaidi, lakini ni hesabu ya kweli, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Kwa kuwa sasa zipo chanjo zilizopendekezwa, waulize waziwazi: kundi la pili linapewa nini, na kwa nini?

Damu sasa. Mama mkwe usimcheke. Mumiani ni hofu ya zamani hapa pwani, na hupata nguvu pale watu wanapotobolewa sindano bila kuelezwa. Fomu ya ridhaa lazima iseme atatolewa kiasi gani (mtoto wa umri huo mara nyingi ni kama kijiko cha chai au pungufu), mara ngapi, itapimwa nini na itahifadhiwa wapi. Sampuli ikitoka nje ya nchi, pawe na mkataba wa kuihamisha uliopita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Utafiti wenyewe uwe na kibali cha maadili cha NIMR na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; omba kuviona.

Nauli na fidia ya muda wako ni halali. Muhimu kuliko hizo, uliza nani atagharamia matibabu mtoto akidhurika.

Usisaini leo. Beba fomu nyumbani, muisome na baba yake na mama mkwe. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha huweka dole gumba. Ukikataa, au ukisaini kisha ukaghairi, mtoto anaendelea na kliniki yake kama kawaida. Mwenye kukutisha kwamba atafukuzwa, mripoti kwa kamati ya maadili. Namba ya simu ya kamati iandikwe kwenye fomu hiyohiyo.