Boma la kituo cha polisi lina miaka sita: nimuulize nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Dar es Salaam. Wananchi tulichanga tukainua boma la kituo cha polisi mpaka kwenye linta, likasimama hapo. Huu ni mwaka wa sita. Wezi wa pikipiki na paneli za sola wametuzidi. Tuliambiwa pia kwamba nyumba za Serikali zitajengwa jirani ili askari wakae humo. Hatujaona hata msingi. Nimeandika barua kwa mkuu wa mkoa, kwa mbunge na kwa mkurugenzi wa jiji, moja hiyo hiyo, nakala kwa wote. Kimya. Serikali inawajibishwaje kwa mambo haya? Na je, naweza kusimama kikaoni niseme uhalifu umeongezeka?

JIBU: Marahaba mjumbe. Nimekuwa mkaguzi wa ndani kwenye halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu, na nikikusoma naona kilichokuponza ni hayo maneno “nakala kwa wote”. Kila aliyeipokea aliona majina ya wenzake pale chini akajua mwenzake atajibu.

Serikali haina mfuko mmoja. Ina mafungu, na kila fungu lina afisa masuuli wake, yule anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge fedha zikienda kombo. Jeshi la Polisi ni Fungu 28. Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ni Fungu 51. Mkoa wa Dodoma ni Fungu 72. Mkuu wa mkoa anaongoza kamati ya ulinzi na usalama, kwa hiyo anaweza kusukuma, lakini hasaini malipo ya Polisi. Mkurugenzi wa jiji ana ardhi na mapato ya ndani, askari si wake. Mbunge hana fungu. Ana mdomo, na mdomo wake una thamani ukiutumia vizuri, nitakuja huko.

Kabla hujauliza fedha iko wapi, fungua vitabu vya bajeti. Wizara ya Fedha huviweka kwenye tovuti yake. Juzuu ya Nne ndiyo ya miradi ya maendeleo. Tafuta Fungu 28, uone kama kuna kifungu cha ujenzi wa vituo na kama Dodoma imetajwa. Ukikuta haupo, umepata jibu la kwanza bila kusumbua mtu: mradi wenu haujawahi kuingia kwenye mpango wa Jeshi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi nyuma, kwa hiyo barua ya Mei inaomba chakula sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Sasa boma. Niliwahi kutumwa kukagua kituo kidogo cha polisi kwenye halmashauri moja ambayo sitaitaja. Taarifa ya utekelezaji ilisema “kimekamilika kwa asilimia 80”. Nilifika saa saba mchana, upepo wetu huu wa vumbi unavuma. Hakukuwa na paa. Mbuzi watatu walikuwa wamelala ndani wakikwepa jua, mmoja kafungwa kwenye nondo ya nguzo ambayo haikumwagiwa zege. Mzee mmoja akanisalimia “Mbukwenyi”, kisha akauliza kama tumekuja kuezeka. Nilidhani nitakuta wizi. Mafundi walikuwa wamelipwa walichostahili, stakabadhi za saruji zipo, hesabu inakaa. Tatizo lilikuwa kiwanja. Mtu aliyelitoa eneo alilitoa kwa mdomo, hakuna muhtasari wa kikao, hakuna barua ya kukabidhi. Wahusika wa Polisi walikuwa hawajakabidhiwa kitu, wala hawakuwa tayari kuweka fedha zao juu ya ardhi isiyo yao. Ile asilimia 80 mtu aliiandika kwa kukadiria kuta tu.

Kwa hiyo, mjumbe, anza nyumbani. Kiwanja kimepimwa? Kina namba? Kwa Dodoma hili lina uzito wa pekee, maana ardhi ilikuwa chini ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, mpaka Mei 2017 ilipovunjwa na majukumu yake yakahamia halmashauri, na mafaili mengine hayakuhama kwa mpangilio mzuri. Je, muhtasari wa mkutano ulioamua mahali pa kujenga upo? Michango ilikusanywa na nani, na taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini? Ukienda kumdai mkurugenzi hesabu huku kamati yako mwenyewe haijasoma ya kwake, watakucheka, na watakuwa na haki.

Karatasi hizo zikikamilika, ndipo utumie Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Watu wengi wanaijua kwa jina tu. Inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukikataliwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi hiyo. Ukiwa bado hujaridhika, unakata rufaa kwa Waziri. Ina mipaka yake: ukiomba ratiba ya doria au jalada la upelelezi linaloendelea, utanyimwa kihalali. Omba nyaraka, usiombe maoni. “Kwa nini mmetutelekeza?” si ombi la taarifa. “Naomba nakala ya barua ya makabidhiano ya eneo, na kiasi kilichotengwa na kilichotolewa kwa ajili ya kukamilisha kituo katika mwaka wa fedha huu” ni ombi. Angalia nimeandika kilichotengwa na kilichotolewa. Hayo ni mambo mawili, na miradi mingi hufia katikati yake.

Mbunge mpelekee swali lililokwisha kuandikwa, sentensi mbili, ili akaliulize Bungeni. Jibu la Serikali huingia kwenye Taarifa Rasmi na kubaki humo. Mara nyingi utasikia “kadri fedha zitakavyopatikana”. Hiyo si tarehe. Mwombe aulize la nyongeza: mwaka gani wa fedha?

Kuhusu CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, nikutoe kwenye kosa ambalo hata waandishi wa habari hulifanya. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha, haimaanishi miradi imejengwa vizuri. Inamaanisha hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Halmashauri yenye mabomba makavu na maboma yaliyoota nyasi inaweza kuipata hati hiyo na kupiga makofi. Wewe nenda kwenye kurasa za ndani za ripoti, kule kwenye miradi isiyokamilika. Ripoti za halmashauri hujadiliwa na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, na za wizara na PAC, ile ya hesabu za Serikali.

Nyumba sasa. Maneno “nyumba za Serikali” yanafunika milango tofauti. TBA, wakala ulio chini ya wizara inayohusika na ujenzi, huangalia nyumba za watumishi wa umma. NHC, Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa 1962, liko upande wa wizara ya ardhi, na nyumba zake, kama zile za Iyumbu na Chamwino, ni za kuuzwa au kupangishwa. Askari hapewi kwa sababu tu ni askari. Kota za askari ni za Jeshi lenyewe, yaani tunarudi Fungu 28. Aliyewaahidi alikuwa wa mlango upi? Kama hakuna anayekumbuka, au ahadi ilitoka jukwaani wakati wa kampeni, hapo huna wa kumdai kwa sheria. Wa kumdai kwa kura, ndiyo. Na mimi, kwa kumbukumbu ya jinsi Serikali ilivyowauzia watumishi nyumba zake mwanzoni mwa miaka ya 2000, ningeuliza pia zikijengwa zitabaki mali ya nani.

Uhalifu umeongezeka? Usiseme hivyo bado. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikakuta 765,179. Ni ongezeko la asilimia 86 ndani ya miaka kumi, Serikali ikiwa imehamia katikati yake. Chukua mfano wa kubuni: wizi ulioripotiwa ulikuwa 100 mwaka 2012 ukawa 150 mwaka 2022. Namba imepanda, lakini kwa kila watu 100,000 umeshuka kutoka 24 hivi hadi chini ya 20. Halafu kuna mtego mwingine: kituo kikiwa mbali, watu hawaripoti. Siku kitakapofunguliwa hapo mtaani, takwimu zenu zitapanda mwezi wa kwanza, na mtu atasema kituo kimeleta wizi.

Polisi wamewahi kutoa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu taarifa za hali ya uhalifu, ila hizo ni za ngazi ya mkoa wa kipolisi, hazishuki mtaani kwako. Kwa mtaa, tengenezeni daftari: tarehe, kitu kilichoibwa, saa, namba ya RB, ile unayopewa kituoni ukiripoti. Safu ya RB ndiyo yenye nguvu. Aliyeibiwa bila kuripoti, kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hajaibiwa. Na RB ni bure. Anayekudai hela ya RB, namba ya TAKUKURU ni 113. Jalada likilala, panda ngazi kwa utaratibu: OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, halafu OCD, kisha RPC, kamanda wa polisi wa mkoa. Askari akikutendea isivyo haki, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko. Mahakamani ni mwisho kabisa, na ukitaka kuishtaki Serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu.

Andika upya barua zako, tatu tofauti, kila mmoja aulizwe cha kwake. Kila moja ichapwe nakala mbili. Ipeleke masijala mwenyewe, usimpe mtu, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku zako 30 zihesabu kuanzia tarehe ya muhuri huo.