Chuo cha umma nje ya jimbo, Marekani

Je, mtoto wenu aende chuo cha umma cha jimbo jingine, ambako ada ni kubwa kuliko ya mkazi? Kama pengo hilo la ada litazibwa kwa mkopo, hapana, asome chuo cha jimbo lenu. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi ni dola 5,500 mwaka wa kwanza, na kwa miaka minne hauzidi 27,000. University of California humtoza mwanafunzi wa nje ya jimbo nyongeza inayopita dola 30,000 kila mwaka, juu ya ada ya kawaida. Salio linaangukia mkopo wa mzazi au wa benki, na huo ndio unaoumiza familia.

Msitegemee kwamba akishahamia huko ada itashuka hadi ile ya mkazi. California inadai siku 366 za ukaazi, na kijana wa chini ya miaka 24 ambaye wazazi wake wanaishi nje ya jimbo lazima athibitishe anajitegemea kifedha. Wengi hukwama hapo.

Mkiwa majimbo ya magharibi, ulizeni mpango wa WUE (Western Undergraduate Exchange), unaowapunguzia ada wanafunzi wa majimbo hayo: ada haivuki asilimia 150 ya ile ya mkazi. Ila ulizeni kwa jina la kozi, maana baadhi ya vyuo huondoa kozi kama uuguzi. Na mkipata barua ya ufadhili kutoka chuoni, kwenye gharama punguzeni ruzuku peke yake. Mkopo si punguzo.